Bwana George Devine na Watungaji Wapya wa Michezo

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa walimu na wasomaji)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mtu aongozaye michezo ya jukwaani katika nchi ya Uingereza, na hasa yule aongozaye michezo mipya ambayo haijapata kuonwa na mtu. Nimemchagua Bwana George Devine, aliyezaliwa London tarehe 20 Novemba, 1910, akafa tarehe 20 Januari, 1966. Ninazo sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza ni kwamba yeye, kuliko mtu mwingine ye yote wa wakati wake, aliwafungulia mlango watungaji wasiojulikana. Ya pili ni kwamba katika nyumba yake ya michezo, mwaka wa 1959, habari za kambi ya Hola, hapa kwetu Kenya, zilichezwa mbele ya watu wa London. Nitafika huko baadaye.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Mtungaji huandika maneno, na wachezaji huyasema. Katikati yao yupo mtu ambaye watazamaji hawamwoni, naye ndiye mwongozi. Yeye huwachagua wachezaji, huwafanyisha mazoezi kwa majuma kadha wa kadha, huamua nani asimame wapi na taa iwake lini. Na usiku wa kwanza wa mchezo hukaa nyuma gizani, hana la kufanya tena. Akiongoza mchezo wa Shakespeare, hatari yake ni ndogo, kwa kuwa watu wamekwisha kuupima kwa muda wa miaka mia nne. Bali mchezo mpya ni kama mbegu isiyojulikana na mkulima. Huenda ikaota, huenda isiote, na kodi ya shamba imekwisha kulipwa.

Baba yake Devine alikuwa karani wa benki. Kijana alipelekwa chuo kikuu cha Oxford, na huko akawa mkuu wa chama cha wanafunzi wapendao michezo. Mwaka wa 1932 alimwomba Bwana John Gielgud aje kuwaongoza wanafunzi katika mchezo wa Romeo na Juliet. Gielgud alikuwa mchezaji mwenye sifa kubwa, lakini alikuwa hajapata kuongoza mchezo hata mmoja. Alikubali, akaja pamoja na Bibi Peggy Ashcroft na Bibi Edith Evans, na Devine mwenyewe akacheza kama Mercutio. Tazameni jambo hili: mwanafunzi wa miaka 21 anampa mtu mkubwa kazi ambayo mtu huyo hajapata kuifanya, kwa sababu tu ameona dalili ya kwamba ataiweza. Tabia hiyo haikumtoka maisha yake yote.

Baada ya Oxford alikwenda London, akawa mchezaji. Tangu mwaka wa 1936 mpaka vita vilipoanza mwaka wa 1939 alifanya kazi na Mfaransa mmoja, Bwana Michel Saint-Denis, katika shule ya kufundisha wachezaji. Wakati wa vita alikuwa afisa wa mizinga, akapelekwa India na Burma, nchi ambayo askari wetu wa K.A.R. waliijua vizuri, mvua zake na matope yake. Vita vilipokwisha alirudi kwenye ualimu. Yeye na Saint-Denis na Bwana Glen Byam Shaw walifungua shule ya nyumba ya michezo ya Old Vic, mwaka wa 1947. Shule hiyo ilisifiwa sana. Walakini wakuu hao watatu walikosana na halmashauri iliyokuwa juu yao, na mwaka wa 1951 wote watatu wakajiuzulu. Hivyo Devine, mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, alijikuta hana shule wala nyumba. Akawa anaongoza michezo ya kale hapa na michezo ya kuimba pale, kama fundi apitaye mlango kwa mlango.

Nasema haya kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi humjua Devine kuanzia mwaka wa 1956 tu, wakadhani kuwa alikuwa kijana mwenye hasira. Hakuwa kijana. Alikuwa mwalimu mwenye kiko na miwani, aliyekwisha kuona kazi yake moja ikivunjwa.

Wakati huo nyumba nyingi za michezo za London zilikuwa mikononi mwa wafanya biashara. Walipenda michezo ya watungaji waliokwisha kupata jina, na mingi ilikuwa juu ya watu wenye nafasi, wakizungumza katika vyumba vizuri. Kijana asiyejulikana, mwenye mchezo juu ya watu wasio na kitu, hakuwa na pa kuupeleka. Basi Devine, na kijana mwenzake Bwana Tony Richardson, na watu wengine wachache, waliunda kampani iitwayo English Stage Company. Mwenyekiti wake alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo, Bwana Neville Blond. Wakapata nyumba ya michezo iitwayo Royal Court, katika Sloane Square, yenye nafasi ya watu mia nne hivi. Shabaha yao waliitangaza wazi: nyumba hii itakuwa ya mtungaji.

Wakatoa tangazo katika gazeti la watu wa michezo, kwamba mwenye mchezo mpya aulete. Ikaletwa michezo ipatayo 750. Fikirini mizigo hiyo ya karatasi, na mtu mmoja au wawili wameketi usiku wakiisoma! Katika michezo hiyo yote ni mmoja tu uliowashika. Ulikuwa wa Bwana John Osborne, mchezaji wa miaka 25 asiye na kazi, nao ulikuwa umekwisha kukataliwa na watu wengi. Osborne alikuwa akiishi katika mashua kuukuu iliyofungwa kando ya Mto Thames. Siku Devine alipokwenda kumwona, maji yalikuwa yamejaa, hata ikambidi mwalimu huyu mnene kidogo aende kwa makasia mpaka kwenye mashua. Alimlipa Osborne pauni 25 ili apate haki ya kuutumia mchezo ule.

Nyumba ilifunguliwa tarehe 2 Aprili, 1956, kwa mchezo wa Bwana Angus Wilson. Wa tatu ulikuwa ule wa Osborne, uitwao Look Back in Anger, ulioongozwa na Richardson, nao ulianza tarehe 8 Mei. Pazia lilipofunguliwa watazamaji hawakuona chumba kizuri. Waliona chumba kimoja cha darini, vijana wawili wakisoma magazeti ya Jumapili, na mwanamke akipiga pasi nguo. Kijana mmojawapo, aliyesoma chuo kikuu, anauza peremende sokoni, naye analalamika juu ya kila kitu katika nchi yake. Kesho yake wachambuzi wa magazeti waligawanyika. Wengine walisema ni kelele tu. Jumapili iliyofuata Bwana Kenneth Tynan wa gazeti la Observer aliusifu kwa nguvu zake zote. Hata hivyo watu hawakuja wengi, mpaka mwezi wa Oktoba sehemu ya mchezo ilipoonyeshwa katika televisheni ya B.B.C. Ndipo vijana wakamiminika, wengi wao wakiwa hawajapata kukanyaga nyumba ya michezo maisha yao.

Lakini msidhani ya kuwa baada ya hapo fedha ilikuwa tele. Nyumba ya watu mia nne haiwezi kutajirisha mtu. Ile iliyowaokoa mwaka huo ulikuwa mchezo wa kale, The Country Wife, uliotungwa mnamo mwaka wa 1675. Devine aliuongoza mwezi wa Desemba, watu wakajaa, na faida yake ikalipia hasara za michezo mipya. Yeye hakuona haya juu ya jambo hilo. Alisema kwamba mtungaji lazima awe na haki ya kushindwa: achezewe mchezo wake kwa uzuri uwezekanao, na ukianguka, arudi na mwingine, asifukuzwe mlangoni.

Haki hiyo hutamkwa kwa urahisi, lakini gharama yake ni kubwa. Mfano wake ni Bwana John Arden. Mchezo wake wa kwanza ulichezwa Royal Court mwaka wa 1957, usiku mmoja tu. Wa pili, mwaka wa 1958, Devine mwenyewe aliuongoza pamoja na Bwana Anthony Page; haukuleta fedha. Wa tatu, mwaka wa 1959, ulikuwa Serjeant Musgrave's Dance, habari ya askari wanne waliotoroka jeshini wakaingia katika mji wa machimbo wakati wa baridi. Wachambuzi wengi waliukataa, na viti vikabaki vitupu. Mwenye hesabu angalisema: basi, inatosha. Devine hakuuondoa mpaka ulipomaliza siku zake, na Arden hakufungiwa mlango. Baadaye mchezo huo ukawa miongoni mwa ile inayosomwa mashuleni na kuchezwa tena na tena.

Hata hivyo si haki kumsifu mtu kama kwamba hakukosa. Bwana Arnold Wesker, mwana wa fundi cherehani wa mashariki ya London, alileta mchezo uitwao Roots, juu ya msichana wa jamaa ya wafanya kazi wa mashamba. Devine hakuuelewa. Alimtaka mtungaji abadili mpangilio wake, Wesker akakataa. Mchezo ukapelekwa kwanza mji wa Coventry, mwaka wa 1959, ukafaulu sana, na ndipo ukaletwa Royal Court. Mtu aliyesoma michezo 750 akauona mmoja, ndiye yule yule aliyeushika mchezo mzuri mkononi asiutambue. Kwa maoni yangu jambo hili lamwongezea heshima kuliko kumpunguzia, kwa sababu hakuona aibu kuupokea ule aliokwisha kuukataa.

Sasa nirudi kwenye mfano wa mbegu. Mkulima mwenye busara akipata mbegu asiyoijua huipanda kwanza katika kipande kidogo. Devine alikuwa na kipande kama hicho. Tangu mwaka wa 1957, Jumapili usiku, wakati nyumba isipokuwa na mchezo wa kawaida, walicheza mchezo mpya kwa usiku mmoja bila mapambo, wachezaji wakiwa wamefanya mazoezi karibu kama siku zote. Gharama ilikuwa ndogo sana. Na kwa kuwa watazamaji walikuwa wanachama, haikuwa lazima kuomba ruhusa ya serikali. Juu ya ruhusa hiyo nitasema sasa hivi.

Kadhalika mwaka wa 1958 kilianzishwa kikundi cha watungaji, kilichosimamiwa na Bwana William Gaskill, msaidizi wa Devine. Humo walikuwamo Arden, Wesker, Bwana Edward Bond, Bibi Ann Jellicoe, na kijana wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi ya kusoma michezo iliyoletwa, jina lake Wole Soyinka. Kanuni yao moja ilikuwa hii, ya kwamba jambo liwezalo kuonyeshwa kwa kuigiza lisijadiliwe kwa maneno matupu. (Laiti kanuni hiyo ingalitumika katika mikutano yetu!) Kila mmoja alipewa cheti cha kuingia bure katika nyumba ya michezo na kutazama mazoezi. Kwa mtungaji maskini, cheti hicho chashinda mahubiri mengi.

Ndipo ikaja habari ya Hola. Tarehe 3 Machi, 1959, watu 11 waliowekwa kizuizini kwa ajili ya mambo ya Mau Mau walipigwa na walinzi hata wakafa, katika kambi iliyo karibu na Mto Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema ya kuwa walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Kazi yangu ni kufasiri taarifa, na hiyo nimeisoma mara nyingi. Ni sentensi nyepesi kufasiri. Baadaye uchunguzi ulionyesha ya kuwa wamekufa kwa kupigwa.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule, Jumapili usiku, Gaskill na mwenzake Bwana Keith Johnstone walionyesha jambo hilo katika jukwaa la Royal Court. Hakukuwa na mtungaji mmoja aliyeandika maneno yote. Wachezaji waliigiza papo hapo, wakifuata mambo yaliyokwisha kujulikana. Devine hakuuongoza mchezo huo, lakini nyumba ilikuwa yake, na dhamana ilikuwa yake. Soyinka alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuigiza. Saa yake ilipofika, akaitwa aingie katika tendo lile la kupiga, naye akakataa. Hakuweza kuigiza vifo vile wakati maiti zilikuwa hazijapata hata mwaka mmoja kaburini.

Habari hiyo haikupotea. Mwaka wa 1986 Soyinka alipewa zawadi ya Nobel ya uandishi, Mwafrika wa kwanza kuipata. Aliposimama Stockholm kutoa hotuba yake, hakuanza kwa kujisifu. Alianza kwa kueleza usiku ule wa Royal Court na jinsi alivyokataa. Miaka 27 ilikuwa imepita. Mimi kila nikifikiri juu ya jambo hili husita. Waliocheza walifanya vema, kwa maana London ilipaswa kusikia. Aliyekataa naye alifanya vema. Nyumba moja, usiku mmoja, iliwachukua wote wawili, na sijui ni nyumba gani nyingine ya michezo ya mji ule ingalikubali hata kulijaribu.

Niliahidi kusema juu ya ruhusa. Kwa sheria iliyotungwa mwaka wa 1737 na kutungwa tena mwaka wa 1843, kila mchezo mpya katika Uingereza ulipaswa kupelekwa kwanza kwa Lord Chamberlain, afisa mkubwa wa jumba la Mfalme au Malkia. Wasaidizi wake waliusoma na kufuta maneno wasiyoyapenda. Vitabu havikuwa na sharti hilo, wala magazeti, michezo tu.

Kisa kimoja chatuhusu sisi wafasiri. Bwana Samuel Beckett, mtu wa Ireland aliyekaa Paris, aliandika mchezo kwa Kifaransa, naye alikosa nyumba ya kuuchezea huko Paris. Devine akaupokea, ukachezwa kwa mara ya kwanza Royal Court tarehe 3 Aprili, 1957, kwa Kifaransa hicho hicho, kwa ruhusa kamili. Kisha Beckett akaufasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Loo! Lord Chamberlain akakataa, kwa sababu mna mahali watu wanamwomba Mungu, na mmoja wao anatamka juu yake neno la matusi. Maneno yale yale yaliyokuwa halali kwa Kifaransa yakawa haramu kwa Kiingereza. Wakabishana kwa miezi mingi. Mwisho Beckett akaondoa neno moja, akaweka jingine lililo jepesi kidogo, na ruhusa ikatolewa. Mchezo ulichezwa mwezi wa Oktoba, 1958, Devine akiuongoza na tena akicheza mwenyewe kama Hamm, kipofu aketiye kitini asiyeweza kusimama. Urafiki wake na Beckett haukukatika. Aliongoza michezo yake mingine, mwaka wa 1962 na mwaka wa 1964, naye alishikilia kwamba maagizo ya mtungaji yafuatwe neno kwa neno, hata wakubwa wa nyumba nyingine walipolalamika kwamba wachezaji wanasema mbio mno.

Vita vya mwisho na Lord Chamberlain vilikuwa mwaka wa 1965. Osborne alileta mchezo uitwao A Patriot for Me, juu ya afisa wa jeshi la Austria aliyeingia katika upelelezi kwa sababu ya siri ya maisha yake. Wakaguzi walitaka mafungu mazima yaondolewe. Devine alikataa kuondoa. Badala yake Royal Court iligeuzwa kuwa klabu ya wanachama, kama zile Jumapili, ili mchezo uchezwe mzima. Ulianza tarehe 30 Juni. Watu walijaa, ukapata zawadi ya mchezo bora wa mwaka, na bado ukaleta hasara, kwa kuwa wachezaji walikuwa wengi na nyumba ni ndogo.

Devine alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ataacha kazi, maana alichoka. Walakini katika mchezo huo alichukua sehemu ya mzee mmoja wa Vienna anayekaribisha wageni katika karamu ya ngoma, amevaa mavazi ya kike ya malkia. Yalikuwa mazito sana, na siku zilikuwa za joto. Mwezi wa Agosti, alipokwisha kucheza usiku mmoja, moyo wake ulimpiga akaanguka. Hakurudi tena jukwaani. Alikufa mwezi wa Januari, 1966, akiwa na umri wa miaka 55. Gaskill alikuwa amekwisha kushika mahali pake.

Sheria ya ukaguzi wa michezo iliondolewa na Bunge la Uingereza mwaka wa 1968, miaka miwili na miezi michache baada ya kufa kwake. Rafiki zake walianzisha zawadi yenye jina lake, ili apewe mtungaji ambaye kazi yake bado ni mpya.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Kama kuna mwenye swali, hasa juu ya kile kikundi cha watungaji na namna walivyofanya kazi, nitajaribu kumjibu.